Ratiba ya kujisomea kwa mwenye mitihani mingi: anza mwisho, rudi nyuma

Ratiba nyingi za kujisomea huchorwa jioni moja kwa kalamu za rangi, zikabandikwa ukutani, na kabla wiki haijaisha zimeshageuka pambo. Mwenye ratiba hujiona mvivu. Ukiitazama ratiba yenyewe, utakuta ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza: ilianza na saa. Saa kumi hadi kumi na mbili Kemia, saa moja hadi saa tatu usiku Hisabati, kila somo limepewa fungu sawa kama urithi wa mapacha. Hakuna mahali paliposema mtihani wa kwanza ni upi, alama zinapotea wapi, wala siku ukiumwa kichwa itakuwaje.

Mwongozo huu ni wa anayekabiliwa na masomo matatu, manne au sita ya ngazi ya juu ya sekondari ndani ya wiki chache, iwe ni kidato cha sita, A-Level ya Uingereza, AP ya Marekani au IB, ile diploma ya kimataifa. Nimechukulia kwamba zimebaki wiki kumi hivi. Ukiwa na wiki tano, hatua ni zilezile ila utachagua zaidi na kuacha zaidi.

Hatua ya 1: Andika pepa, usiandike masomo

Siku ya mtihani hufanyi "Kemia", unafanya pepa. Kemia ya A-Level ya Cambridge, kwa mfano, ina pepa tano: ya kuchagua majibu, mbili za maswali yenye vipengele, moja ya maabara na moja ya kupanga na kuchambua majaribio. Wanafunzi wa IB hubeba masomo sita, matatu au manne kati yake yakiwa ya kiwango cha juu, na karibu kila somo lina pepa zaidi ya moja. Wa AP wana mitihani iliyobanwa ndani ya wiki mbili za mwezi Mei, ambapo siku moja inaweza kukuletea mtihani asubuhi na mwingine mchana.

Chukua karatasi moja kubwa. Kwa kila pepa andika tarehe, saa ya kuanza, muda wake, na asilimia inayochangia kwenye alama ya mwisho ya somo. Asilimia hiyo utaipata kwenye silabasi ya bodi yako ya mitihani, ambayo kwa kawaida imewekwa kwenye tovuti yao bure. Wengi hawaifungui silabasi hata mara moja, na ndiyo hati pekee inayokueleza kinachoweza kuulizwa na kisichoweza.

Ukiona pepa mbili zimegongana siku moja na saa moja, nenda kwa mwalimu anayesimamia mitihani wiki hiyohiyo. Bodi nyingi zina utaratibu wa kushughulikia migongano, lakini utaratibu huo una makataa yake.

Kazi za darasani zinazohesabiwa kwenye alama ya mwisho nazo ziandike humo humo kama pepa. Insha ndefu ya IB ina kikomo cha maneno 4,000. Anayeiacha nje ya ratiba atajikuta anaiandika usiku uliokuwa wa Fizikia.

Hatua ya 2: Jipime kabla ya kupanga chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba ratiba nzima. Kwa kila somo, chukua pepa moja ya mwaka uliopita, weka saa mezani, funga daftari, ifanye mpaka mwisho. Kisha isahihishe kwa mwongozo wa usahihishaji, bila huruma. Alama itauma kidogo, ivumilie. Unachokitafuta hapa ni sababu ya kila alama iliyopotea.

Pitia kila swali ulilokosa na ulipe herufi moja kati ya tatu. H: sikuwa najua kabisa. S: nilijua, nikasahau. M: nilijua na nilikumbuka, ila mkono ulikosea, muda ulinitupa au sikulisoma swali vizuri.

Tuangalie kwa karibu. Swali la Kemia linakupa sentimita za ujazo 25 za myeyuko wenye moli 0.1 kwa kila desimita ya ujazo, linataka idadi ya moli. Umeandika 2.5. Jibu ni 0.0025, kwa sababu hukugawa kwa 1,000 kugeuza sentimita za ujazo kuwa desimita za ujazo. Hilo ni M. Kulisoma upya sura nzima ya moli hakutakusaidia, kwa sababu sura unaijua. Linalotakiwa ni maswali kumi ya aina hiyo, na tabia ya kuandika kizio pembeni ya kila namba.

Sasa linganisha na Historia. Swali limesema "tathmini ni kwa kiasi gani sababu za kiuchumi zilichangia". Umejaza kurasa tatu za matukio kwa mpangilio wa tarehe, kila tukio ni sahihi, na umepata nusu ya alama. Hiyo nayo ni M, ya aina yake: ulisimulia ulipotakiwa kupima. Mwanafunzi huyu akirudi nyumbani na kuanza kukariri tarehe zaidi, anapiga msuli mahali pasipouma.

H hutibiwa kwa kujifunza upya: kitabu, mwalimu, rafiki anayeelewa. S hutibiwa kwa kurudia kwa nafasi, nitaeleza hapo chini. M hutibiwa kwa maswali na saa. Ukichanganya dawa utapoteza wiki.

Hatua ya 3: Hesabu saa ulizonazo kweli, kisha zikate

Usianze na saa unazotamani kuwa nazo. Chukua wiki yako ya kawaida, toa shule, safari, kazi za nyumbani, ibada, mazoezi, kula na usingizi. Kinachobaki ndicho chako. Tuseme umebakiwa na saa mbili kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, nne Jumamosi, mbili Jumapili. Hizo ni saa 16 kwa wiki, 160 kwa wiki kumi.

Sasa kata sehemu ya tano. Unabaki na 128.

Kukata huku si kukata tamaa. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda mfupi kuliko unaohitajika, hata kwa kazi alizowahi kuzifanya. Utafiti wa Buehler, Griffin na Ross uliochapishwa mwaka 1994 uliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi, na wastani wa siku walizotumia ukazidi 55. Saa zile 32 ulizokata hazijapotea. Zitaliwa na malaria, msiba, umeme, mgeni, au ile topiki ya Fizikia uliyodhani ni ya siku moja.

Hatua ya 4: Gawa kwa upendeleo

Tuchukue mwanafunzi wa mfano mwenye masomo manne. Kwenye zoezi la hatua ya 2 alipata Kemia 48, Hisabati 55, Biolojia 67, Historia 78. Mgawo sawa ungempa kila somo saa 32. Mgawo wenye akili ungekaribia huu: Kemia 42, Hisabati 38, Biolojia 28, Historia 20.

Swali la kujiuliza ni moja: saa yangu inayofuata italeta alama nyingi zaidi wapi? Kutoka 48 kwenda 62 kwa kawaida ni rahisi kuliko kutoka 78 kwenda 92, kwa sababu huku chini alama bado zimelala kwenye mambo ya msingi. Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kukubali jibu hilo. Kwanza, chuo unachokitaka kinaangalia somo gani? Kama kozi inadai daraja la juu kwenye Biolojia, Biolojia iongezewe hata kama haiko mkiani. Pili, herufi zako. Somo lenye H nyingi linakula saa nyingi zaidi ya lenye M nyingi, hata kama alama zinalingana.

Jambo moja nalishikilia: somo unalolipenda ndilo litakaloiba muda. Kulisoma kunastarehesha, na unasimama mezani ukijisikia umefanya kazi. Liwekee dari.

Hatua ya 5: Geuza saa kuwa kazi

"Jumanne: Hisabati, saa 2" haikuambii uanze na nini, wala umalize lini. Utafungua kitabu, utapiga mstari chini ya sentensi, utaangalia simu. Andika badala yake: "Maswali 8 ya kuunganisha kwa sehemu (integration by parts), kusahihisha, kurudia yaliyokosewa bila kuangalia." Kazi ya namna hiyo ina mwisho unaoonekana, na kesho utajua kama ilifanyika au haikufanyika.

Fanya hivyo kwa wiki mbili zijazo tu. Wiki za mbele ziandike kwa ufupi: jina la topiki na idadi ya saa. Anayepanga wiki kumi kwa undani anajipa kazi ya kufuta.

Hatua ya 6: Rudia kwa nafasi, na ujiulize badala ya kusoma tena

Hapa ndipo ratiba ya masomo mengi inapopata faida ambayo haionekani kwa haraka. Kwa kuwa huwezi kukaa na somo moja wiki nzima, unalazimika kuliacha na kulirudia. Na kuacha na kurudia ndivyo kumbukumbu inavyokazwa.

Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio yake juu ya kusahau mwaka 1885: sehemu kubwa ya alichojifunza ilimtoka ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau ikapungua. Miaka mingi baadaye, mwaka 2008, Cepeda na wenzake waliwapima watu zaidi ya 1,300 wakagundua kwamba nafasi nzuri ya kurudia hutegemea umbali wa mtihani. Mtihani ukiwa wiki ijayo, rudia baada ya siku moja au mbili. Ukiwa miezi miwili mbele, nafasi ya wiki mbili au tatu inafaa zaidi kuliko kurudia kesho yake.

Kwa hiyo kila unapomaliza topiki, andika palepale kwenye kalenda tarehe mbili za kuirudia: moja ndani ya siku chache, nyingine baada ya wiki mbili tatu. Dakika 20 zinatosha kwa kila marudio.

Kurudia huko kufanywe kwa daftari likiwa limefungwa. Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, likajipima mara tatu kwa kuandika kinachokumbukwa. Dakika tano baadaye waliosoma mara nne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliosoma tu asilimia 40. Ndiyo maana kusoma daftari mara nne kunadanganya. Usiku ule unajiona umeiva.

Kwa Hisabati na Fizikia ongeza jambo moja, changanya maswali. Ukifanya maswali 20 ya topiki moja mfululizo, kuanzia la tatu hujiulizi tena njia gani itumike, unaijua kwa sababu ndiyo topiki ya leo. Mtihani haukupi fadhila hiyo. Rohrer na Taylor, mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya maswali yaliyochanganywa walikosea zaidi wakati wa mazoezi, lakini kwenye mtihani wa wiki iliyofuata walipata asilimia 63, na waliofanya umbo baada ya umbo wakapata 20. Kuchanganya kunakera. Kubali kukereka.

Hatua ya 7: Jenga mifupa ya wiki

Masomo mawili kwa siku, yasiyofanana. Hisabati na Historia zinakaa vizuri pamoja. Kemia na Fizikia usiku mmoja zitakuchosha sehemu ileile ya kichwa. Lililo gumu lianze, wakati bado uko macho. Jumamosi asubuhi iwe ya pepa nzima kwa saa, kila wiki somo tofauti, na usahihishaji ufanyike siku hiyohiyo.

Jumapili mchana iache wazi. Hiyo ni siku ya viporo: kila kilichoshindikana katikati ya wiki kinakwenda huko, hakiruhusiwi kusukuma kazi ya siku inayofuata. Ratiba huanguka pale Jumanne inapoingia Jumatano, Jumatano ikaingia Alhamisi, na Ijumaa unadaiwa saa tisa ambazo hakuna wa kuzilipa. Wiki ikienda vizuri, Jumapili ni yako, lala au cheza mpira.

Kiporo kikilala mara mbili bila kuguswa, usikihamishe mara ya tatu. Kigawe vipande vidogo, au kifute. Kipo pale kwa sababu ni kikubwa mno au hakina umuhimu.

Diskasheni na wenzako ziwe na swali mezani. Kundi lililokutana "kusoma Biolojia" litazungumza mambo mengine. Lililokutana kusahihishiana swali la 6 litamaliza ndani ya saa moja. Simu ikae chumba kingine. Kama unahitaji saa ya kupima muda, tumia saa.

Hatua ya 8: Wiki tatu za mwisho

Acha kujifunza topiki mpya, isipokuwa yenye uzito mkubwa kwenye silabasi ambayo bado ni H tupu. Kuanzia hapa kazi ni pepa. Zifanye kwa saa ileile ya mtihani: kama Hisabati inaanza saa mbili asubuhi, Jumamosi uwe umekaa saa mbili asubuhi, siyo saa nne usiku ambapo umezoea.

Rudisha zile herufi H, S, M kwa kila pepa. Kwa kawaida H zitakuwa zimepungua na M zimebaki, na hapo ndipo utajua dakika zako zinakwenda wapi. Pepa yenye alama 90 kwa dakika 120 inakupa dakika moja na sekunde 20 kwa alama. Swali la alama 6 likikula dakika 15, liache, weka alama pembeni, utalirudia. Kwenye maswali ya kuchagua, jua kanuni ya bodi yako: AP waliacha kukata alama kwa jibu lisilo sahihi tangu mwaka 2011, kwa hiyo huko kuacha nafasi wazi ni kupoteza bure.

Hatua ya 9: Panga na wiki za mitihani zenyewe

Ajabu ni kwamba ratiba nyingi huishia siku moja kabla ya mtihani wa kwanza. Mwenye pepa moja hana neno. Wewe una wiki mbili au tatu za mitihani, na katikati yake kuna siku tupu zenye thamani kuliko mwezi uliopita.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Kemia Jumatatu, Hisabati Jumanne, Historia Ijumaa, Biolojia Alhamisi ya wiki ya pili. Hatari yake ni mbili. Ya kwanza ni Hisabati: kati yake na Kemia kuna jioni moja tu, na jioni hiyo atakuwa amechoka. Basi Hisabati lazima iwe imekamilika Jumamosi, kana kwamba mtihani ni Jumapili. Jumatatu jioni atapitia ukurasa mmoja wa kanuni na maswali matatu aliyowahi kukosa, halafu alale.

Ya pili ni Biolojia. Iko mbali, kwa hiyo ataisahau, akidhani ana siku tano baada ya Historia. Siku hizo zipo, ila asipoigusa Biolojia kwa wiki mbili kabla ya hapo atazitumia kukumbuka alichokuwa anakijua. Dakika 30 kila baada ya siku tatu, hata katikati ya joto la Kemia, zinaiweka hai.

Ukiwa na pepa mbili siku moja, ya mchana ndiyo iandaliwe mapema zaidi. Jioni ya mwisho ni ya pepa ya asubuhi. Katikati yake kula, kunywa maji, pitia kurasa mbili, basi.

Ukitoka kwenye chumba cha mtihani, usisimame kwenye lile kundi linalolinganisha majibu ya swali la 4. Pepa imekusanywa na hakuna jibu litakalobadilika, lakini wasiwasi wake utakaa nawe mezani jioni ukijaribu kusoma somo la kesho. Sema unawahi basi.

Na usiku wa kuamkia pepa, panga kalamu, kikokotoo chenye betri mpya, kitambulisho na namba ya mtihani kabla ya chakula cha jioni. Weka kengele mbili za kukuamsha, moja iwe mbali na kitanda. Kukesha usiku huo kunakunyang'anya usingizi ambao ndio hukaza ulichosoma. Ukifika saa nne na bado kuna topiki hujaigusa, funga daftari, maana kwa sasa alama zako ziko kwenye zile topiki nyingine zote ulizozigusa.